Mama wa Dirishani

Mwaka wa pili wa masomo yangu ya uzamivu nilikuwa na jedwali nililolipenda kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeandika. Upande mmoja majina ya wazazi, au tuseme namba zao, maana majina niliyaficha. Upande wa juu tarehe za mikutano tisa ya shule, mitatu kwa kila mwaka, na katikati alama ya vema kwa kila aliyehudhuria. Nilikesha wiki nyingi nikilijaza kutoka kwenye madaftari ya mahudhurio. Lilisema jambo moja bila kigugumizi: kadiri mzazi alivyosoma kidogo, ndivyo alivyoonekana kidogo mikutanoni. Sentensi hiyo nilikwisha kuiandika katika rasimu ya sura ya nne. Kilichobaki, niliamini, ni kueleza sababu.

Kisha nikaenda kumhoji mama mmoja ambaye katika jedwali langu hakuwa na alama hata moja. Nilimuuliza kwa upole, kama nilivyofundishwa, ni kitu gani kinamzuia kufika shuleni. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayepima kama nafaa kuambiwa.

"Mwanangu, mimi sijakosa mkutano," akasema. "Huwa nasimama dirishani."

Karatasi ya kusaini huwekwa kwenye meza ya mbele, karibu na walimu. Yeye hajui kuandika. Mara ya kwanza alipokwenda, aliyekaa mezani alimuuliza jina kwa sauti, akamwandikia, kisha akamshika kidole gumba na kukichovya kwenye wino, ukumbi mzima ukitazama. Tangu siku ile hufika mkutano ukishaanza, husimama nje ya dirisha mpaka mwisho, na huondoka kabla ya watu kutoka. Alinisimulia yaliyosemwa katika mikutano kadhaa: mabishano kuhusu madawati, ahadi ya masomo ya jioni ambayo haikutimizwa, mzazi aliyelia. Nilikwenda kulinganisha na kumbukumbu za vikao. Alikuwa sahihi kila mahali. Habari ya mzazi aliyelia haikuandikwa na katibu, lakini mwalimu mmoja aliikumbuka nilipomuuliza.

Usiku ule nilifungua jedwali langu na sikuweza kulitazama kama jana yake. Nilikuwa nimepima nani yuko tayari kusaini mbele za watu, nikaita kipimo hicho moyo wa mzazi.

Nilipoanza kuuliza kwa namna nyingine, wakajitokeza wengine. Baba anayefanya kazi za zamu za usiku, ambaye mkutano wa asubuhi humkuta usingizini, lakini kila baada ya majuma mawili humsubiri mwalimu wa darasa langoni jioni. Bibi anayelea wajukuu, aliyesomewa barua ya mwaliko akasikia "wazazi" na kuamua kwamba hahusiki. Mzazi aliyepata barua iliyoandikwa kwa lugha ya shule, lugha asiyoisoma, akamwambia mwanawe amtafsirie. Mtoto, aliyekuwa na kesi yake darasani, akatafsiri anavyotaka. Hawa wote kwangu walikuwa sifuri.

Watu huniuliza ni nini hasa mtu husoma katika uzamivu wa elimu unaohusu usawa, utamaduni na mabadiliko ya jamii. Huwa nawajibu kwa habari ya dirisha lile, kwa sababu yote niliyosoma kabla yake nililazimika kuyasoma upya baada yake.

Swali langu la kwanza, lile nililoombea nafasi ya masomo, lilikuwa hili: kwa nini wazazi wa kipato cha chini hawashiriki katika elimu ya watoto wao? Msimamizi wangu alilisoma, akapigia mstari neno "hawashiriki", akanirudishia bila neno zaidi. Nilibadilisha neno nikaweka jingine lenye maana ileile. Akapigia mstari na hilo. Ilipita zaidi ya miezi kumi kabla sijauelewa mstari wake: nilikuwa nimeweka jibu ndani ya swali, kisha nikaomba ufadhili wa kwenda kulitafuta.

Swali lile lina ukoo wake. Mwaka 1966, kwa agizo lililotokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 nchini Marekani, mwanasosholojia James Coleman na wenzake walichapisha ripoti iliyohusisha wanafunzi zaidi ya 600,000. Wengi walitarajia ithibitishe kwamba watoto Weusi wanapata alama za chini kwa sababu shule zao hazina vifaa. Ilichokuta ni kwamba tofauti za vifaa kati ya shule zilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti za alama. Hali ya familia ilieleza zaidi, na vilevile hali ya wanafunzi ambao mtoto anasoma nao. Hoja hiyo ya pili ilitumiwa kutetea kuchanganya watoto wa rangi zote katika shule moja. Lakini kilichosafiri mbali kilikuwa kifupi na chepesi kubeba: tatizo liko nyumbani. Zaidi ya miaka hamsini baadaye lilinifikia mimi likiwa limevaa nguo ya swali la utafiti, na mimi, mtoto wa nyumba za aina ileile, nikalipokea kama langu.

Miaka minne baada ya ripoti hiyo, wanasosholojia Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron huko Ufaransa waliitazama familia kutoka upande wa pili. Ndiyo, nyumbani kuna tofauti, walisema kwa maana, lakini ni nani aliyeamua kwamba namna ya kusema ya nyumba fulani, vitabu vyake na adabu zake ndizo ziwe kipimo cha akili? Shule inamdai kila mtoto kitu ambacho yenyewe haimfundishi, kitu ambacho wengine wamekwisha kukipata sebuleni kwao. Kisha aliyekikosa anaambiwa hana kipaji, na kwa bahati mbaya huamini. Nilipoisoma hoja hii mara ya kwanza niliipenda kama mtu anavyopenda kitu kizuri kilicho mbali. Nilipoisoma baada ya kumsikia yule mama, nilimwona amesimama ndani yake. Kusaini jina mbele za watu bila kutetemeka ni mtaji, kama fedha ambayo wengine huikuta nyumbani kwao. Hakuna shule iliyompa, na shule ilimdai.

Lakini Bourdieu peke yake angeniacha pabaya. Anaeleza vizuri sana jinsi mlango unavyofungwa, na mtu unaweza kumsoma mpaka ukaona kila mlango umefungwa milele. Walionitoa hapo ni watafiti na walimu wa Tucson, Arizona, nchini Marekani. Mwaka 1992 Luis Moll, Cathy Amanti, Deborah Neff na Norma González walichapisha kazi waliyoifanya na familia zenye asili ya Meksiko. Walimu wenyewe walikwenda majumbani, na hawakwenda kutoa nasaha wala kushtaki utoro. Walikwenda kujifunza. Walikuta ujuzi wa kilimo, uchimbaji madini, ujenzi, biashara, tiba, malezi, ujuzi uliopita mkono kwa mkono kati ya ndugu na majirani. Mwalimu mmoja aligundua kuwa mwanafunzi wake huuza peremende kutoka Meksiko, na hapo likazaliwa somo zima la hesabu na sayansi kuhusu peremende, na mzazi mmoja akaja darasani kuwafundisha watoto namna ya kuzitengeneza. Naipenda kazi hii kwa sababu haina manung'uniko. Inamtoa mwalimu shuleni, inamkalisha kwenye kiti cha mgeni, inamfanya asikilize.

Na yuko Gloria Ladson-Billings. Mwaka 2006, akiwa rais wa chama cha watafiti wa elimu Marekani, aliwaomba wenzake waache kuzungumzia pengo la ufaulu na badala yake wazungumzie deni la elimu, akalihesabu kwa pande nne: historia, uchumi, siasa za jamii, na maadili. Nililisoma neno hilo, deni, nikasimama. Ukisema pengo, macho huenda kwa mtoto aliye nyuma, na kazi yako ni kumsukuma. Ukisema deni, inabidi uulize nani anadaiwa, kiasi gani, tangu lini, na kwa nini riba imeachwa ikue. Tarakimu zinaweza kuwa zilezile. Anayeitwa kutoa maelezo ndiye anayebadilika.

Hapa lugha yetu nayo ilinipa kazi, na niliifurahia. Neno "usawa" linabeba mambo mawili ambayo utafiti wa elimu unayatenganisha kwa nguvu: kumpa kila mtu kilekile, na kumpa kila mtu kinachomfikisha. Mama wa dirishani alipewa kilekile walichopewa wote: kalamu, wino, karatasi, meza ya mbele. Kwa maana ya kwanza hakuonewa. Nilijaribu "haki sawa", nikaona "sawa" bado inarudi palepale. Mwishowe nilishika "insafu", neno la zamani linalosikika zaidi kwenye mashairi na kwa wazee, kwa sababu ndani yake kuna mtu anayempimia mwenzake huku akimtazama usoni. Sijui kama limekaa vizuri katika kila aya ya tasnifu yangu, ila lilinilinda nisijifiche nyuma ya ulinganifu wa karatasi. "Utamaduni" nao una habari yake: mzizi wake wa Kiarabu ni mmoja na ule wa "madina", mji. Mtu wa utamaduni, kwa asili ya neno, ni aliyekaa mjini akastaarabika. Tunapoandika leo kwamba kila mtoto huja shuleni na utamaduni wake, tunalifanyia neno lenyewe mageuzi, na ni mageuzi mema.

Sasa nifike mahali palipoumiza, maana sitaki kuonekana kama niliyeona kosa la shule nikaacha la kwangu.

Kabla ya kumhoji mtu yeyote, mtafiti hupeleka pendekezo lake kwenye kamati ya maadili. Kamati hizi hazikuzuka bure. Kati ya mwaka 1932 na 1972, katika utafiti uliofanyika Tuskegee, Alabama, wanaume Weusi 600, 399 kati yao wakiwa na kaswende, walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli wa ugonjwa na bila kutibiwa ipasavyo, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa ndiyo dawa. Aibu hiyo ndiyo iliyosukuma mpaka ikaandikwa Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, yenye nguzo tatu: kumheshimu mtu, kumtendea mema, na haki. Leo wanafunzi wa uzamivu wa nchi nyingi hujaza fomu zilizotokana na mawazo hayo. Naziheshimu fomu hizo. Damu ya watu imo ndani yake.

Nami nilikuwa nayo mkobani siku nilipomtembelea yule mama. Kurasa tatu, na chini yake mstari wa sahihi. Alipokuwa ananieleza kidole gumba na wino, fomu yangu ilikuwa juu ya meza kati yetu, na pembeni yake kiboksi cha wino. Dakika ishirini kabla ya hapo nilikuwa nimemshika mkono wake mimi mwenyewe.

Sikuwa na la kusema. Nilizima kinasa sauti, nikamwomba radhi. Akaniambia niwashe, kwamba amekubali kusema na atasema, ila siku nyingine niulize kwanza. Nilirudi kamatini na ombi la marekebisho: ridhaa ya mdomo, ikirekodiwa, mbele ya shahidi atakayechaguliwa na mshiriki mwenyewe, baada ya maelezo kusomwa polepole kwa lugha ya nyumbani kwake. Walikubali baada ya wiki sita. Ilikuwa inawezekana tangu mwanzo. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuuliza.

Linda Tuhiwai Smith, msomi wa Kimaori wa Nyuzilandi, aliandika mwaka 1999 kwamba kwa watu wa asili neno "utafiti" ni miongoni mwa maneno machafu kabisa. Niliwahi kuinukuu kauli hiyo katika mapitio ya maandiko kama pambo la aya. Baada ya siku ile niliifuta nikaiweka katika sura ya mbinu, mahali ambapo nilipaswa kujibu. Smith hakuishia kwenye lawama. Alikuwa anaandika kutoka katikati ya watu waliokuwa wanajenga: mwaka 1982 Wamaori walifungua "viota vya lugha", vituo vya watoto wadogo ambako wazee na wazazi wanalea kwa Kimaori tu, kwa sababu waliona lugha yao inakwenda na wazee kaburini. Wazazi ndio waliohudhuria, waliendesha, waliamua. Nikiulizwa kama wazazi "hushiriki", nawakumbuka hao. Inategemea nani ameita mkutano na kwa lugha gani.

Msomi wa elimu Eve Tuck naye, mwaka 2009, aliandika barua ya wazi akiziomba jamii zikatae utafiti unaoorodhesha majeraha yao tu, hata ukiwa na nia ya kuwaletea msaada. Anayesimuliwa kila siku kama aliyevunjika, hata akipata msaada, hubaki amesimuliwa hivyo. Barua hii ilinifanya niandike upya sura nzima. Rasimu ya kwanza ilikuwa na huruma nyingi na watu wachache. Mama wa dirishani alionekana ndani yake kama mhanga wa wino. Sikuwa nimeandika kwamba alikuwa na kumbukumbu kuliko katibu, wala kwamba baada ya kila mkutano hupita kwa majirani wawili wasioweza kutoka nyumbani na kuwasimulia yote. Alikuwa akifanya kazi ya ofisi nzima ya mawasiliano, na rasimu yangu ilimwonea huruma.

Kuhusu mabadiliko ya jamii, naandika kwa tahadhari, maana hapa ndipo wanafunzi wengi wa uzamivu tunaahidi kupita kiasi. Mfano ninaourudia ni Angicos, kaskazini-mashariki mwa Brazili, mwaka 1963. Mwalimu Paulo Freire na kundi la wanafunzi waliwafundisha kusoma wafanyakazi wapatao 300 kwa takribani saa 40 za masomo, wakianzia kwenye maneno ya kazi na maisha yao wenyewe. Wakati huo sheria ya Brazili haikumruhusu asiyejua kusoma kupiga kura. Mtu aliyejifunza kuandika jina lake pale Angicos alipata pia njia ya kupiga kura, na wenye mashamba walilielewa hilo haraka kuliko wasomi. Mwaka uliofuata jeshi lilitwaa serikali, Freire akafungwa, kisha akaenda uhamishoni. Watu wasiojua kusoma hawakupata kura Brazili mpaka mwaka 1985. Mbinu ya kufundishia ilikuwa ileile iliyosifiwa. Kilichowagusa wenye mamlaka ni uhusiano wake na kura. Tangu nijue hivyo, kila ninapoandika "mabadiliko" najilazimisha kutaja: nani atapata nini ambacho jana hakuwa nacho, na nani hatapenda.

Kwa anayefikiria kuanza, kuna njia mbili kubwa. PhD, uzamivu uliozoeleka, inakudai mchango kwa maarifa ya fani. EdD, yaani udaktari wa elimu, iliyoanza kutolewa Harvard mwaka 1921, kwa kawaida inamlenga aliye kazini, mwalimu mkuu au mratibu, achukue tatizo la mahali pake alitafiti kwa lengo la kulitatua. Tangu mwaka 2007 upo mradi wa vyuo wa kuifikiria upya shahada hiyo, na kati ya misingi yake wameweka maswali ya usawa, maadili na haki ya kijamii. Nilichukua PhD. Nikianza tena leo, nadhani ningechukua ile nyingine, kwa sababu ingenilazimisha kurudi shuleni mapema.

Na upweke upo. Miezi ya kunukuu mahojiano, saa moja ya sauti ikila saa sita za kuandika, watoto wamelala, mwenzako amechoka kuuliza lini utamaliza. Katika miezi hiyo nilikuwa namfikiria Anna Julia Cooper, aliyezaliwa utumwani Carolina Kaskazini, akawa mwalimu na mwalimu mkuu huko Washington, akaanza uzamivu wake Chuo Kikuu cha Columbia, akashindwa kutimiza sharti la kuishi chuoni kwa sababu alikuwa amechukua kulea watoto watano waliofiwa na mama katika ukoo wake. Alihamishia masomo Paris, akatetea tasnifu yake Sorbonne mwaka 1925, akiwa na miaka 66, na mada yake ilikuwa misimamo ya Ufaransa kuhusu utumwa. Kisha akarudi kufundisha. Sikumfikiria ili nijilinganishe. Nilimfikiria kwa sababu ni ushahidi kwamba shahada hii imewahi kusomwa na mtu mwenye watoto watano mezani na swali kubwa kuliko chuo.

Jedwali langu halikutupwa. Limo katika tasnifu, likiwa na kichwa kipya: *Waliosaini*. Swali la tasnifu nzima likawa: shule huwaitaje wazazi, na wito huo unamfanya nani asionekane? Nilipeleka matokeo shuleni kabla ya kuyatetea mbele ya watahini. Mwalimu mkuu alisikiliza kimya, kisha akauliza kama karatasi ya kusaini inahitajika na mtu yeyote. Waliuliza ngazi ya juu. Haikuhitajika, ilikuwa mazoea. Waliiondoa, na mikutano miwili kati ya mitatu ikahamishiwa jioni. Alama za watoto sikuzipima, kwa hiyo sizitaji.

Wiki moja kabla ya kupeleka tasnifu kufungwa jalada nilirudi kwa mama yule nikamsomea kurasa zinazomhusu, kwa lugha ya nyumbani kwake, aya kwa aya. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba asilolipenda litatoka. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kama nadhani anavyosikiliza pale nje. Nilipomaliza alinyamaza kidogo.

"Umesema dirisha la nyuma," akasema. "Si la nyuma, mwanangu. La nyuma sauti haifiki. Ni la ubavuni, la pili kutoka mlangoni."

Nikaandika.